Okteni ya petroli katika injini iliyoongezwa mgandamizo: Usichanganye 91 ya Marekani na 91 ya kituo cha mafuta cha hapa

KATIKA boksi la pistoni mpya iliyoagizwa kutoka Marekani kuna karatasi ndogo ambayo mafundi wengi huitupa pamoja na boksi lenyewe. Karatasi hiyo hutaja mambo mawili: uwiano wa mgandamizo utakaopatikana pistoni hiyo ikifungwa, na okteni ya petroli inayotakiwa. Ikiandikwa humo kuwa petroli ya okteni 91 yatosha, mwenye pikipiki ya magurudumu manne huenda kituoni, akaona bomba lenye namba 91, akajaza tangi na kuondoka akiwa ameridhika. Baada ya siku chache za kupanda vilima vya mchanga, pistoni ile ya bei kubwa huonekana imeliwa pembeni au imetoboka katikati.

Kosa si la pistoni, wala si lazima liwe la fundi. Kosa ni kwamba namba 91 ya Marekani na namba 91 inayotumika katika sehemu kubwa ya Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba si kitu kimoja. Makala haya yanaeleza okteni ni nini, kwa nini injini inayopozwa kwa hewa huidai zaidi, na jinsi ya kuchagua petroli kwa injini iliyoongezwa mgandamizo.

Okteni ni nini?

Wengi hudhani kwamba petroli ya okteni kubwa ina nguvu zaidi. Sivyo. Okteni haipimi wingi wa nishati iliyomo katika mafuta. Hupima uwezo wa mafuta kustahimili joto na mgandamizo bila kuwaka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto ulioanzishwa na plagi. Injini isiyohitaji okteni 98 haitapata nguvu mpya kwa kunyweshwa 98, bali mfuko wa mwenye chombo ndio utakaopungua uzito.

Kipimo hicho kilitungwa Marekani katika miaka ya 1920. Kemikali mbili zilichukuliwa kuwa ncha za kipimo: isookteni, ambayo haigongi kwa urahisi, ikapewa 100, na heptani, ambayo hugonga upesi, ikapewa 0. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa isookteni 95 na heptani 5 huitwa petroli ya okteni 95. Upimaji hufanyika katika injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake waweza kupandishwa au kushushwa ikiwa inaendelea kufanya kazi.

Kwa miaka mingi njia rahisi ya kupandisha okteni ilikuwa kutia madini ya risasi katika petroli, ugunduzi uliofanywa mwaka 1921 na Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors. Sumu yake ilidhuru watu, hususan watoto, na dunia ikaiacha hatua kwa hatua. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kwa magari kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwezi Julai mwaka 2021.

Namba tatu kwa petroli moja

Petroli ile ile yaweza kuandikwa namba tatu tofauti, na hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa makini.

Namba ya kwanza ni RON. Hupatikana injini ya majaribio ikizunguka taratibu, mara 600 kwa dakika, na hewa inayoingia ikiwa na joto la wastani. Hii ndiyo inayotumika Afrika Mashariki, Ulaya na Ghuba.

Namba ya pili ni MON. Hapa injini huzunguka mara 900 kwa dakika, na mchanganyiko wa hewa na mafuta hupashwa moto hadi kufikia nyuzi 149 za Selsiasi kabla ya kuingia. Kwa sababu mtihani huu ni mkali zaidi, petroli ya kawaida hupata namba ndogo, mara nyingi pungufu ya RON kwa pointi 8 hadi 10.

Namba ya tatu ni wastani wa hizo mbili: RON na MON hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa mbili. Hii ndiyo inayobandikwa kwenye mabomba ya Marekani na Kanada, na hujulikana kwa kifupi kama AKI. Petroli ya kawaida ya Marekani yenye 87 ni takriban RON 91. Ile ya daraja la juu yenye 91 ni karibu RON 95 au 96, na yenye 93 inakaribia RON 98.

Kwa hiyo karatasi ya Marekani inapodai 91, inadai petroli ambayo kwetu huandikwa 95 au zaidi. Anayejaza RON 91 ameweka mafuta ambayo Mmarekani angeyaita 87, yaani ya daraja la chini kabisa katika vituo vyake vingi.

Injini "inagonga" maana yake nini?

Katika mwako mzuri, plagi hutoa cheche, moto ukaanza hapo na kusambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda. Wakati moto ukisambaa, mchanganyiko ambao haujafikiwa husukumwa pembeni na kuzidi kubanwa na kupata joto. Mafuta yasipostahimili, sehemu hiyo ya mwisho hulipuka yenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo hutoa mawimbi ya shinikizo yanayopiga kuta na kichwa cha pistoni, na sauti yake hufanana na kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati.

Madhara hayatokani na mapigo hayo peke yake. Kwa kawaida juu ya pistoni kuna utando mwembamba wa gesi isiyo na joto kali, ambao huikinga dhidi ya moto. Mawimbi ya mlipuko huufuta utando huo, na joto huingia moja kwa moja katika aluminiamu. Pistoni hulainika, kingo zake hulika, ringi hukwama au kuvunjika, na hatimaye tundu hutokea.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu ambaye ni mkali zaidi: mchanganyiko kuwaka kabla hata ya cheche, kwa sababu kuna kitu ndani kilichopata joto mithili ya kaa la moto, kama ncha ya plagi au masizi yaliyoganda. Kugonga kwa muda mrefu hupasha vitu joto, na vitu vyenye joto huwasha mchanganyiko mapema. Ugonjwa mmoja huzaa mwingine, na ukifika hatua hiyo injini haichukui muda kufa.

Kwa nini injini ya kupozwa kwa hewa?

Injini ya maji ina mkono mmoja wa msaada: maji huzunguka kichwa cha silinda na kushikilia joto karibu mahali pamoja. Injini ya hewa hutegemea mapezi ya aluminiamu, upepo, na oili. Joto la kichwa chake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo na mzigo.

Pikipiki ya magurudumu manne huiweka injini hiyo katika mazingira magumu kuliko pikipiki ya barabarani. Hupanda mchanga kwa gia ndogo, kaba ikiwa wazi, mwendo ukiwa mdogo na upepo pengine ukitoka nyuma. Tope hukauka kati ya mapezi na kuziba njia ya hewa. Aidha, nyingi za injini hizi hazina kifaa cha kusikia mgongo wa injini na kuchelewesha cheche, kama kilivyo katika magari ya kisasa. Mwendeshaji mwenyewe ndiye angepaswa kusikia, lakini amevaa helmeti na bomba la moshi linanguruma.

Ndiyo maana uwiano wa 11 kwa 1, ambao katika injini ya maji yenye kompyuta ni jambo la kawaida, katika injini ya hewa yenye kabureta huhesabiwa kuwa mkubwa.

Mfano: Honda TRX400EX

Tuchukue injini inayofahamika sana kwa wapenda mchezo huu. Honda TRX400EX, iliyoanza kuuzwa kama modeli ya mwaka 1999, ina silinda moja inayopozwa kwa hewa. Kipenyo cha silinda ni milimita 85 na mwendo wa pistoni ni milimita 70, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 397. Uwiano wa mgandamizo kutoka kiwandani ni 9.1 kwa 1.

Uwiano huo maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni sentimita za ujazo 49 hivi. Kufikia 11 kwa 1, nafasi hiyo lazima ipungue hadi 39.7. Tofauti ni 9.3 tu, yaani chini ya vijiko viwili vya chai. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoitenganisha injini inayoridhika na petroli ya kawaida na ile inayodai petroli ya daraja la juu.

Hesabu hiyo yafundisha pia hatari ya kukwangua kichwa cha silinda ili "kukinyoosha". Ikiwa fundi ataondoa nusu milimita katika injini ambayo tayari ina 11 kwa 1, nafasi hupungua kwa karibu sentimita za ujazo 2.8, na uwiano hupanda hadi kukaribia 11.8. Vilevile, mwenye kutanua silinda hadi milimita 87 hupata ujazo wa 416. Nafasi ya juu ikibaki ile ile 39.7, uwiano hufika 11.5 bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa hiyo usitegemee namba ya kwenye boksi peke yake. Fundi apime nafasi hiyo kwa kumimina oili nyepesi kwa bomba la sindano kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha atoe kiasi kilichobaki katika nyuzi za tundu hilo.

Okteni gani kwa mgandamizo gani?

Hakuna jedwali linalofaa kila injini, lakini uzoefu wa wajenzi wa injini za hewa za silinda moja unakubaliana juu ya mipaka ifuatayo, kwa kipimo cha RON:

Hadi 9.5 kwa 1: RON 91 kwa kawaida hutosha.

Kati ya 9.5 na 10.5: tumia RON 95.

Kati ya 10.5 na 11: RON 95 ni kiwango cha chini kabisa, na 98 ndiyo yenye usalama, hasa penye joto na mchanga.

Kati ya 11 na 12: RON 98, pamoja na marekebisho ya cheche na kabureta.

Zaidi ya 12: petroli ya mashindano yenye okteni inayozidi 100. Hapa si mahali pa kubahatisha.

Mipaka hii husogea kutegemea kemshafti. Kemshafti ya mbio huchelewa kufunga valvu ya kuingiza hewa, hivyo sehemu ya hewa hurudi nje pistoni inapoanza kupanda, na mgandamizo halisi katika mzunguko mdogo hupungua. Injini ya 11 kwa 1 yenye kemshafti ya namna hiyo yaweza kuwa tulivu kuliko ya 10.5 yenye kemshafti ya kiwandani. Anayebadilisha pistoni akaacha kemshafti ya zamani ajue kwamba amechagua njia inayodai okteni zaidi.

Kutoka Nairobi hadi Diani

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki lipo jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa ufupi tu: mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Silinda hupata hewa kidogo, hivyo shinikizo la mwako ni dogo na haja ya okteni hupungua. Ni kwa sababu hiyo majimbo ya milimani ya Marekani, kama Colorado, yamezoea kuuza petroli ya 85 badala ya 87.

Sasa fikiria injini iliyojengwa Nairobi, ikajaribiwa huko kwa wiki mbili bila kugonga hata mara moja, kisha ikapakiwa kwenye gari na kupelekwa Diani kwa sikukuu. Mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Kwanza, silinda hujaa hewa zaidi, na shinikizo hupanda. Pili, jeti za kabureta zilizochaguliwa kwa hewa nyepesi ya bara hutoa mafuta machache mno kwa hewa nzito ya pwani, na mchanganyiko wenye upungufu wa mafuta huwaka kwa joto kali. Ongeza juu yake joto la ufukweni na mchanga laini. Injini iliyokuwa salama juu hufa chini, na lawama humwangukia muuza mafuta wa pwani.

Tahadhari hiyo hiyo inawahusu wanaoshusha vyombo kutoka Arusha au Eldoret kwenda pwani. Yeyote mwenye safari ya namna hiyo ajenge injini kwa ajili ya usawa wa bahari, au abebe jeti kubwa zaidi na ajaze petroli ya okteni ya juu mapema.

Ndugu zetu waishio Oman na Falme za Kiarabu hawana shida ya mwinuko wanapokwenda matutani, lakini wana joto linaloweza kuzidi nyuzi 45 kiangazi. Faida yao ni kwamba namba huandikwa wazi: Falme za Kiarabu huuza 91, 95 na 98, zote zikiwa RON. Kwa injini iliyoongezwa mgandamizo, tofauti ya bei kati ya 91 na 98 haifikii hata kidogo gharama ya pistoni na silinda.

Marekebisho yanayoendana na okteni

Okteni peke yake haiokoi injini iliyopangwa vibaya. Mambo manne hayana budi kwenda pamoja nayo.

La kwanza ni wakati wa cheche. Kuchelewesha cheche kwa nyuzi 2 au 3 za mzunguko hupunguza mno hatari ya kugonga, na nguvu inayopotea ni ndogo. Wapo wanaofunga ufunguo wa gurudumu la sumaku unaowahisha cheche ili kupata mvuto. Katika injini ya mgandamizo mkubwa, hilo ni kuongeza kuni katika moto.

La pili ni mchanganyiko wa hewa na mafuta. Pistoni mpya, kichujio kilicho wazi na bomba la moshi jipya vyote hudai jeti kubwa zaidi. Afadhali injini iwe na mafuta mengi kidogo kuliko pungufu.

La tatu ni plagi. Tumia iliyo baridi zaidi kwa daraja moja, yaani inayopoteza joto upesi. Angalizo: katika plagi za NGK namba kubwa ndiyo baridi zaidi, lakini kwa Champion ni kinyume chake.

La nne ni upoaji. Safisha mapezi kila baada ya matembezi, hakikisha kipoza oili hakijaziba, na usiiache injini ikinguruma mahali pamoja pasipo upepo.

Petroli ya ndege, ethanoli na vichupa

Petroli ya ndege ndogo aina ya 100LL, yenye rangi ya buluu, ina MON inayokaribia 100 na haigongi kwa urahisi. Hata hivyo ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, ambayo ni sumu kwa mtumiaji na huharibu vihisi vya moshi. Marekani imejiwekea lengo la kuiacha ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Si mafuta ya kushika kwa mikono mitupu wala ya kuhifadhi nyumbani.

Ethanoli ina okteni kubwa na hupoza mchanganyiko unapoingia. Lakini huhitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile, hivyo jeti lazima zibadilishwe. Hunyonya maji kutoka hewani, na hula mipira ya kabureta za zamani.

Vichupa vya kuongeza okteni vimejaa ahadi. Msomaji ajue kwamba katika vichupa vingi "pointi" moja ni sehemu ya kumi ya okteni: kichupa kinachoahidi pointi 30 hupandisha okteni kwa 3 tu, yaani kutoka 91 hadi 94.

Uchakachuaji

Namba iliyobandikwa kwenye bomba ina maana iwapo tu kilichomo ndani ni petroli tupu. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno, na hata sehemu ndogo yake ikichanganywa na petroli huishusha kwa pointi kadhaa. Serikali zimepambana na uovu huo: Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Injini ya kawaida ya bodaboda huvumilia mchanganyiko huo kwa kutoa moshi na kukosa nguvu. Injini ya 11 kwa 1 haivumilii. Nunua katika kituo chenye wateja wengi, ambapo mafuta hayalali, na usinunue ya chupa kando ya barabara.

Jinsi ya kujaribu injini mpya

Anza na petroli bora kuliko unayodhani inahitajika. Injini ikishazoea, panda mlima mfupi kwa gia ya juu na kaba wazi, kisha zima injini papo hapo na utoe plagi. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Kauri nyeupe kupita kiasi ni dalili ya joto na upungufu wa mafuta. Vidoto vidogo vyeusi au vinavyong'aa kama fedha juu ya kauri ni habari mbaya: hivyo vya fedha ni chembe za aluminiamu zilizobanduka kutoka pistoni. Ukiviona, usirudie jaribio. Pandisha okteni, chelewesha cheche au ongeza jeti, kisha anza upya na plagi mpya.

Injini ikitoka salama katika jaribio hilo kwa siku yenye joto, katika mwinuko wa chini kabisa utakaoufikia, ndipo unapoweza kusema umepata okteni yake. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye kifuniko cha tangi, pamoja na neno RON, ili hata atakayeazima chombo chako asiwe na udhuru.